Nani Alisoma Nyayo Hizi?

Kuna picha ambayo umeshaiona hata kama hujui inaitwaje. Nyuma ni buluu iliyokoza, ama nyeusi. Mistari myembamba inapita kutoka upande mmoja hadi mwingine kama nyuzi zilizovutwa, halafu hapa na pale mstari mmoja unaacha safari, unaanza kujikunja, duara ndani ya duara, mpaka unafia katikati kama gamba la konokono. Imekuwa jalada la kitabu, imekuwa skrini ya simu, imekuwa bango la ukutani. Rafiki yangu anayechapisha fulana pale Ruiru anaiuza kwa jina la "galaksi", na inaenda haraka kuliko zile za Bob Marley.

Si galaksi. Ni upande wa pili kabisa wa ukubwa wa vitu. Ile mizunguko ni njia za elektroni ndani ya tangi la haidrojeni iliyogandamizwa kwa baridi hadi ikawa maji, na nyingi ya picha hizi zilipigwa CERN, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, miaka ya 1960 na 1970. Zilipopigwa zilikuwa nyeusi na nyeupe. Hiyo buluu na machungwa yaliongezwa baadaye na mtu aliyetaka zipendeze.

Sina neno na kupendeza. Sina neno na kuuzika pia, jamaa ana kodi ya kulipa. Ugomvi wangu ni na kile kilichokatwa ili picha itoshee kifuani mwa fulana: maandishi ya chini. Nataka kuonyesha kwamba kwa picha za aina hii maandishi ya chini ni nusu ya picha yenyewe, na kwamba sisi huku Kenya tuna sababu yetu ya kulidai hilo kuliko watu wengi.

Hebu kwanza tuelewe tunaangalia nini. Hakuna mtu aliyewahi kuona elektroni. Kinachoonekana ni kile inachoharibu ikipita. Jioni isiyo na mawingu hapa Mugutha, ukiangalia juu, unaweza kuona mstari mweupe umechorwa angani na ndege ambayo yenyewe huioni wala huisikii. Mstari si ndege. Ni mvuke uliogeuka matone na barafu nyuma yake. Chembe za atomu zinafanya hivyo hivyo: zikipita kwenye hewa iliyojaa mvuke uliokaribia kugeuka ukungu, zinaacha msururu wa vitone. Mskoti mmoja, Charles Wilson, alipanda mlima Ben Nevis mwaka wa 1894, akapendezwa na mwanga unavyocheza kwenye mawingu ya chini yake, akarudi maabara Cambridge kujaribu kutengeneza ukungu wake mwenyewe ndani ya kioo. Hakuwa anatafuta chembe. Alikuwa anatafuta ukungu, kama ule unaotukalia hapa mwezi wa Julai hadi saa nne asubuhi. Mwaka wa 1911 akapiga picha za nyayo za kwanza. Baadaye, mwaka wa 1952, Donald Glaser wa Marekani akabadilisha hewa akaweka maji yaliyo karibu kuchemka, na badala ya matone ya ukungu nyayo zikawa misururu ya mapovu. Hapo ndipo ile mizunguko ya fulana ilipotoka.

Sasa picha moja ya kweli, tuone inavyosomwa. Tarehe 2 Agosti 1932, California, Carl Anderson anapiga picha kwenye chemba ya ukungu. Katikati ya chemba ameweka bamba la risasi (yale madini, si ile ya bunduki) lenye unene wa milimita 6. Chemba nzima iko ndani ya sumaku kubwa, kwa hivyo chochote chenye chaji ya umeme kinapinda kikipita. Picha yenyewe, kusema ukweli, haina sura. Duara la kijivu, kamba nene nyeusi katikati ambayo ndiyo hilo bamba, na uzi mmoja mweupe unaopita kulikata bamba. Kwisha. Huwezi kuuza fulana hata moja.

Lakini angalia uzi. Chini ya bamba umepinda kidogo. Juu ya bamba umepinda zaidi. Chembe inayopita kwenye risasi inapoteza nguvu, na iliyopoteza nguvu inapindwa na sumaku kwa urahisi, kwa hivyo upande uliopinda zaidi ndio upande ilikoishia. Yaani hii chembe ilikuwa inapanda, ikitoka chini kwenda juu. Ukishajua ilikuwa inapanda, na unajua sumaku imeelekea wapi, basi mpindo unakuambia chaji: ni chanya. Na uzi ni mrefu na mwembamba kupita kiasi kuwa wa protoni. Kwa hivyo ni kitu chenye uzito kama wa elektroni lakini chaji ya kinyume. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukiona. Positroni. Miaka minne baadaye Anderson akapewa Nobeli.

Nimeieleza polepole kwa makusudi. Ukipindua ile picha juu chini bila kujua kuna bamba na kuna sumaku, bado itakuwa picha ile ile, uzi ule ule, lakini utakuwa umesoma uongo. Urembo hauathiriki ukiipindua. Maana inaathirika. Ndiyo maana nasema hizi si picha kama picha ya mlima ama ya bibi harusi. Ni maandishi, na maandishi yana msomaji.

Na wasomaji walikuwa nani? Hapa ndipo stori inakuwa tamu. Picha zilikuwa maelfu kwa maelfu, baadaye mamilioni. Mabwana wenye shahada hawangeweza kukaa nazo zote. Kwa hivyo huko Bristol, Berkeley, CERN na kwingineko waliajiri watu wa kuketi mbele ya hadubini ama meza ya mwanga na kutazama, saa nane kwa siku, nyayo moja baada ya nyingine. Wengi walikuwa wanawake vijana, na wengi hawakuwa wamesoma fizikia. Walifunzwa kuona. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kwenye stori hii nina upande wangu na sitajifanya sina.

Kabla yao kulikuwa na Marietta Blau wa Vienna, huyu akiwa na shahada yake kamili ya udaktari, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi bila mshahara wa maana. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba huhitaji chemba kabisa: dawa iliyopakwa kwenye vioo vya kupigia picha inatosha, chembe ikipita inaacha mstari wa vipunje vyeusi. Mwaka wa 1937 yeye na Hertha Wambacher walipata kwenye vioo vilivyoachwa mlimani nyota: nukta moja ambapo kiini cha atomu kimegongwa kikasambaratika, na miale ikitoka pande zote. Mwaka uliofuata, kwa kuwa alikuwa Myahudi, ikabidi aikimbie Austria. Cecil Powell wa Bristol akaiendeleza njia hiyo ya vioo, na mwaka wa 1950 Nobeli ikawa yake. Blau hakupata.

Powell ana kosa lake katika historia hiyo ama hana, wacha wengine waamue. Lakini kuna jambo moja ambalo kundi lake lilifanya na ambalo nalipenda sana. Mwaka wa 1947 walipata pioni, chembe ambayo wanafizikia walikuwa wameitabiri zaidi ya miaka kumi kabla. Aliyeuona mfano wa kwanza kwenye hadubini ni Marietta Kurz, na wa pili ni Irene Roberts, wote wasomaji wa vioo. Na kundi la Bristol lilikuwa na desturi: picha ya nyayo ikichapishwa kwenye jarida, chini yake panaandikwa jina la aliyeiona. Si mwenye maabara. Aliyeiona.

Mstari mmoja tu wa herufi ndogo. Ndio huo uliokatwa kwenye bango.

Mtu anayejua leso atanielewa haraka. Leso ina pindo, ina mji, halafu ina jina. Pindo na mji ni rangi na maua, unaweza kuvipenda ukiwa hujui kusoma hata herufi moja. Lakini mwanamke wa Mombasa haendi dukani kununua maua. Ananunua jina, kwa sababu jina ndilo linalosema nani anaambiwa nini. Hata huku kwetu, ambapo leso nyingi tunazojua zinatoka viwandani Thika na wengi wetu tunazifungia tu watoto mgongoni, ukimpa mtu leso isiyo na maandishi anaigeuzageuza akiyatafuta. Anajua kuna kitu kimepungua. Picha ya nyayo za chembe bila maelezo yake ni leso isiyo na jina, na tumeizoea hivyo mpaka hatuitafuti tena ile sehemu iliyopungua.

Wasanii wakubwa hawajasaidia sana. Sigmar Polke wa Ujerumani, mapema miaka ya 1990, alichukua karatasi za picha akaziachia zichomwe na mionzi ya urani, zikatoka na mawingu ya waridi na kijani. Namheshimu kwa sababu hakuongeza rangi ili kumfurahisha mtu, aliacha madini yafanye kazi yenyewe, kama ilivyomtokea Henri Becquerel mwaka wa 1896 alipokuta kioo chake cha picha kimeungua ndani ya droo ambapo jua halikuingia. Lakini Polke anapenda ile hali ya kutojua. Kazi zake zinakwambia simama hapo ushangae. Sawa, nimeshangaa. Halafu?

Halo ya Semiconductor, yaani Ruth Jarman na Joe Gerhardt, ni afadhali. Ilionyeshwa Basel mwaka wa 2018: duara kubwa unaloingia ndani, vimulimuli vya data kutoka mtambo wa ATLAS wa CERN vikizunguka, na nyaya wima zaidi ya 380 zinazogongwa na vinyundo kadiri data inavyopita. Nimeiona kwenye video tu, kwa hivyo pima maneno yangu. Nilichopenda ni kwamba walichukua data mbichi, kabla haijasafishwa. Maana zile picha za leo unazoziona kwenye habari, kama zile za Julai 2012 walipotangaza chembe ya Higgs, na mistari yake ya manjano na kijani ikilipuka kutoka katikati, hizo si picha za kamera. Hakuna ukungu, hakuna povu. Ni ishara za umeme zilizokusanywa na kompyuta, kisha programu ikachora mistari, kisha binadamu akachagua rangi. Msomaji amefanywa programu. Halo angalau inakurudisha kwenye fujo iliyokuwepo kabla ya mtu yeyote kusoma. Inakosa tu kumpa mtazamaji kazi. Unasimama katikati kama umeingia kwa disko.

Hadi hapa nimekuwa Ulaya na Marekani, na msomaji wa Thika Road ana haki ya kuuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu nyayo za aina hii zilizozua ubishi mkubwa zaidi kuhusu sisi wenyewe zilitoka Kenya, na sijawahi kuziona zimetundikwa ukutani mahali popote.

Neno nyayo lenyewe lina uzito huku. Kwa wazazi wetu ni wimbo wa shule, ni maziwa ya shule, na kwa wengine ni jengo lililoko katikati ya Nairobi ambalo chini yake watu waliteswa. Mwaka ambao Moi aliingia madarakani akisema anafuata nyayo, 1978, ndio mwaka ambao huko Laetoli, Tanzania, kundi la Mary Leakey lilipata nyayo za miguu za viumbe waliotembea wima kwenye majivu ya volkano miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita. Hizo zimepigwa picha kila namna, na zina haki. Mguu ni mguu, unauelewa ukiuona. Lakini majivu ya volkano yanahifadhi nyayo nyingine ambazo mguu wake huwezi kuuwazia.

Ndani ya majivu kuna fuwele ndogo za zirkoni, kama mchanga laini. Ndani ya zirkoni kuna urani kidogo. Atomu ya urani-238 kwa kawaida huoza taratibu kwa kutema kipande kidogo, lakini moja katika karibu milioni mbili hufanya kitu kingine: inapasuka katikati. Vipande viwili vinaruka pande mbili na kuchana fuwele mstari mmoja ulionyooka, urefu wake karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Fuwele inabaki na jeraha hilo. Huwezi kuliona hata kwa hadubini, ni jembamba mno. Unaisugua fuwele mpaka ndani yake ionekane, kisha unaitumbukiza kwenye mchanganyiko wa kostiki soda na ndugu yake wa potasi, ulioyeyushwa kwa moto unaozidi nyuzi 200. Kostiki ile ile ya watu wa sabuni. Inakula palipochanika haraka kuliko palipo pazima, na jeraha linapanuka mpaka linaonekana: kimstari cheusi, kifupi, kama mkwaruzo wa sindano. Vingine vimelala huku, vingine kule, bila mpangilio.

Unavihesabu. Kisha unapima urani iliyomo kwa kuipiga fuwele nyutroni ndani ya tanuri la nyuklia na kuhesabu nyayo mpya zinazotokea. Urani nyingi na nyayo chache, majivu ni machanga. Urani kidogo na nyayo nyingi, majivu ni ya zamani. Mwaka wa 1965 Wamarekani watatu, Fleischer, Price na Walker, pamoja na Louis Leakey, walifanya hesabu ya namna hii kwa tabaka la chini la Olduvai wakapata karibu miaka milioni 2, na hiyo ikasaidia kuwanyamazisha waliokuwa hawaamini kwamba binadamu wa huko ni wa zamani hivyo.

Kisha ikaja Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mwaka wa 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande vya mfupa kwenye mteremko wenye kokoto. Kokoto na mfupa wa miaka hiyo vina rangi moja. Vipande vilipokusanywa vilizidi 150, na vilipounganishwa vikawa fuvu lenye ubongo mkubwa kwa enzi yake, karibu sentimita za ujazo 750. Ndilo hilo linaloitwa KNM-ER 1470. Lilitoka chini ya tabaka la majivu linaloitwa KBS, na vipimo vya kwanza vya majivu hayo, vya Fitch na Miller kutoka Uingereza, vilisema miaka milioni 2.6. Richard Leakey akatangaza kwamba fuvu lina karibu milioni 2.9. Kama ni kweli, basi jenasi yetu ilikuwepo zamani kuliko wengi walivyodhani, na ndugu zetu wengine walikuwa binamu wa pembeni tu.

Nguruwe ndio walioanza kukataa. Mabaki ya nguruwe wa kale chini ya tabaka la KBS yalifanana na ya Omo, Ethiopia, ambayo yalijulikana kuwa ya karibu milioni 2. Mwaka wa 1975 maabara ya Berkeley ikapima majivu kwa njia ya potasiamu na agoni, ikapata 1.82 na 1.60. Ubishi ukawaka. Na hapo ndipo nyayo za zirkoni zikaitwa kutoa ushahidi.

Mwaka wa 1976 Hurford, Gleadow na Naeser walichapisha hesabu yao ya nyayo: milioni 2.44, na nafasi ya kukosea ni 0.08 tu. Mwaka huo huo Fitch na wenzake walikuwa wamerekebisha namba yao ikawa 2.42. Njia mbili tofauti, jibu karibu moja. Kesi imefungwa, si ndiyo? Mwaka wa 1980 Gleadow, yule yule, akarudi na hesabu mpya ya nyayo za zirkoni kutoka majivu yale yale: milioni 1.87, nafasi ya kukosea 0.04. Kwenye toleo hilo hilo la jarida la Nature kulikuwa na kipimo cha kundi la McDougall wa Australia kwa njia ya potasiamu: 1.89. Hizo ndizo zilizosimama mpaka leo.

Tuliza kichwa hapo. Zaidi ya miaka nusu milioni imetoweka kati ya 1976 na 1980, na majivu hayajabadilika. Fuwele changa zina nyayo chache. Ukizichoma kwa muda mfupi mno nyingine hazijitokezi. Mkwaruzo, kasoro ya fuwele ama punje ya madini mengine inaweza kufanana na unyayo. Kila kimstari ni uamuzi wa mtu: huu naingiza, huu naacha. Sisemi kuna aliyedanganya. Nasema hapa kuna picha ambayo jicho lile lile, likiwa na uzoefu wa miaka minne zaidi, liliisoma tena na historia ya binadamu ikasogea. Niambie ni mchoro gani kwenye jumba lolote la sanaa Nairobi umewahi kufanya hivyo.

Na bado, tukitaka kujionyesha kwa dunia, tunatoa fuvu. Fuvu ni rahisi, lina macho, linakutazama. Liko kwenye vitabu, kadi na stempu. Zirkoni ya KBS imebaki kwenye majarida ambayo kuyafungua unalipa kwa dola.

Angalia pia majina, kwa sababu hapa nako kuna maandishi ya chini yaliyokatwa. KNM ni jumba la makumbusho. ER ni Rudolf ya Mashariki, jina la ziwa kabla halijabadilishwa kuwa Turkana mwaka wa 1975; ziwa lilibadilishwa, fuvu likabaki koloni. Baadaye wataalamu wakaliita Homo rudolfensis, na mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakuwahi kukanyaga pale akapata heshima ya pili. KBS nayo ni Kay Behrensmeyer, aliyepata eneo hilo lenye zana za mawe mwaka wa 1969 akiwa bado mwanafunzi. Kwa hivyo inawezekana! Aliyeona anaweza kuandikwa. Kamoya Kimeu, kiongozi wa kikosi cha akina Ngeneo, ambaye darasani aliishia shule ya msingi na aliyepata kipande cha kwanza cha yule mvulana wa Turkana mwaka wa 1984, ana sokwe wa kale aliyepewa jina lake, Kamoyapithecus, na mwaka wa 2021 chuo kimoja cha Marekani kikampa shahada ya heshima. Akafariki mwaka uliofuata. Ngeneo ana sentensi moja kwenye vitabu, mara nyingi ile ile, kisha aya inaendelea na mtu mwingine.

Kazi ya Ngeneo na kazi ya Marietta Kurz ni kazi moja. Mmoja kwenye jua la Koobi Fora, mwingine kwenye chumba cha giza Bristol, wote wanatazama uwanja wa vitu vinavyofanana mpaka kimoja kinakataa kufanana. Sanaa inayotumia nyayo hizi kama urembo inamwambia mtazamaji kwamba maumbile yenyewe yalichora, sisi tukapokea. Si kweli. Maumbile yaliharibu kitu, kisha mtu akaumiza macho.

Ndiyo maana huwa najaribu kuwazia maonyesho ambayo ningependa kuyaona, na hayahitaji pesa nyingi. Chumba kimoja, Thika ama hata ukumbi wa kanisa hapa Mugutha, nyumba yoyote iliyojengwa kwa mawe ya Ndarugo, maana nayo ni majivu ya volkano yaliyoganda. Ukutani picha moja tu ya zirkoni, nyeusi na nyeupe, imekuzwa hadi iwe kubwa kama mlango. Hakuna rangi. Chini yake, kwa herufi za ukubwa wa kawaida: majivu haya yametoka wapi, nani aliyaokota, nani aliichoma fuwele na kwa dakika ngapi, nani alihesabu. Mezani kuna penseli na karatasi. Kila anayeingia anahesabu vimstari, anaandika namba yake, anaweka jina lake, anaibandika ukutani karibu na za wengine. Nina hakika hazitalingana. Mwanafunzi wa darasa la saba atapata 31, mama wa mboga atapata 44, mwalimu wa fizikia atagoma kuandika. Wacha wabishane mpaka saa kumi jioni. Fuvu waonyeshwe wakishahesabu.